Mwangwi kutoka chini ya tope: jinsi mahali pa kusimamisha nguzo za daraja panavyochunguzwa

Tangu tarehe 19 Juni 2025, magari yatokayo Mwanza kwenda Sengerema, Geita na mipaka ya magharibi ya Tanzania hayapangi tena foleni ya kivuko pale Kigongo. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linalokata Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo, wilayani Misungwi, hadi Busisi, wilayani Sengerema. Safari iliyomchukua msafiri zaidi ya nusu saa majini, mbali na saa alizozitumia kungoja zamu, sasa ni ya dakika chache za gari. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019 na hayati Rais John Magufuli, na gharama za ujenzi zililipwa na hazina ya Tanzania yenyewe.

Kwa nchi jirani, faida ya daraja hilo haina budi kupimwa kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hupitia Kahama na haifiki ghubani. Lakini dagaa na sangara wa Mwanza, pamoja na wafanyabiashara wanaowafuata, wana njia yao, na mgonjwa wa Sengerema anayepelekwa hospitali kubwa ya Bugando usiku wa manane ana yake. Kwao hao, kivuko kilichoharibika kilikuwa ni mlango uliofungwa.

Kinachoonekana na kupigwa picha ni nguzo, kebo na barabara pana ya juu. Kisichoonekana ni kile ambacho nguzo hizo zimesimama juu yake. Kila daraja linalovuka ziwa au mkono wa bahari hutanguliwa na kazi ya kimya, ya mashua ndogo zinazokwenda na kurudi zikiburuta vyombo majini, kazi ambayo wakazi wa ufukweni huiona bila kujua inatafuta nini. Wataalamu wake huitwa wanajiofizikia wa majini, nao hutafuta jibu la swali moja: chini ya maji, na chini ya tope lililo chini ya maji, kitu kigumu kiko wapi?

Ziwa lililowahi kukauka

Ziwa Viktoria ni pana sana, karibu kilomita za mraba 68,800, lakini halina kina kirefu. Penye kina kikubwa kuliko pote hapafiki mita 90. Mbele ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ni sinia mbele ya kisima. Tanganyika limelala ndani ya Bonde la Ufa, ambako ardhi ilipasuka na kudidimia. Viktoria limekaa juu ya uwanda uliobonyea kidogo kati ya mikono miwili ya bonde hilo. Ndiyo maana hakuna mhandisi anayefikiria kusimamisha nguzo katikati ya Tanganyika, ilhali ghuba za Viktoria zinavukika.

Lipo jambo jingine ambalo wakazi wengi wa kando ya ziwa hawajalisikia. Ziwa hili liliwahi kukauka. Katika miaka ya 1990 watafiti walipita juu yake wakituma mawimbi ya sauti chini, na kila walipokwenda waliona, chini ya tope, mstari mmoja mkali unaorudisha mwangwi. Walipochomoa sampuli kwa mabomba marefu, waliukuta mstari huo kuwa ni udongo ulioshikana, wenye dalili za nchi kavu na mabaki ya mizizi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996 katika jarida la Science. Maji yalirudi takriban miaka 15,000 iliyopita, muda ambao kwa hesabu za miamba ni kufumba na kufumbua.

Kwa mwanahistoria wa samaki, habari hiyo ni ya ajabu kwa sababu yake. Kwa mhandisi wa madaraja ina maana nyingine, nayo ni ya vitendo. Kila kilicholala juu ya sakafu ile ya kale kimetua juzi tu: tope jepesi, lenye maji mengi na mabaki ya viumbe, laini kama uji uliopoa, ambalo haliwezi kubeba mzigo wowote wa maana. Chini yake kuna udongo na mchanga wa zama zilizotangulia, na chini zaidi ni matale ya Mwanza, miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Daraja likitaka kudumu, uzito wake sharti ulivuke tope, uupite mchanga, na umfikie yule mzee aliye chini.

Zumari na ngoma

Nuru haifiki mbali ndani ya maji, hasa maji yenye tope. Mawimbi ya redio nayo hufifia upesi. Sauti ndiyo inayosafiri majini kuliko hewani: karibu mita 1,500 kwa sekunde, wakati hewani ni kama mita 340. Kwa hiyo uchunguzi wote wa aina hii, kwa vyombo vya bei ndogo na vya bei kubwa, ni ufundi wa kupiga sauti na kusikiliza mwangwi.

Hesabu yake si ngumu. Sauti ikitumwa kutoka mashuani na mwangwi ukarudi baada ya sehemu 20 za elfu za sekunde, imesafiri mita 30 kwenda na kurudi. Basi kina ni mita 15. Ugumu unaanza pale inapotakiwa kuona si sakafu tu bali kilicho chini ya sakafu, kwa maana hapo aina ya sauti inakuwa na maana. Anayelala jirani na ukumbi wa harusi anaijua kanuni hii bila kufundishwa darasani: zumari na sauti za waimbaji hukatikia ukutani, lakini mdundo wa ngoma kubwa humfikia hadi kitandani. Sauti nyembamba huchora vizuri ila haipenyi. Sauti nzito hupenya ila huchora kwa mkono mzito.

Kwa sababu hiyo mashua ya uchunguzi hubeba vyombo vya sauti tofauti. Kipimakina chenye miali mingi hutuma sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa sikio la mwanadamu, katika mamia ya miali iliyotandazwa kama upepeo, na kuchora sura ya sakafu hata jiwe la ukubwa wa meza likaonekana. Sonari ya ubavuni, inayoburutwa nyuma ya chombo, hupeleka sauti kushoto na kulia, ikaonyesha nanga iliyopotea, gogo, nyavu zilizotelekezwa, au mtumbwi uliozama. Kisha hufuata vyombo vya sauti nzito. Vingine hutoa mlio kama wa ndege, vingine hupiga kishindo kwa bamba la chuma au kwa cheche za umeme majini. Sauti hizo hulipita tope na kurudisha mwangwi mmoja mmoja kutoka kila mpaka wa tabaka: tope na mchanga, mchanga na mfinyanzi, mfinyanzi na mwamba.

Picha inayotoka humo inafanana na mkate wa tabaka uliokatwa kwa kisu. Mtu asiyezoea huiangalia akaona mistari tu. Mzoefu huona mto wa kale uliofukiwa, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo nguzo haifai kusimama.

Matuta ya shamba lisiloonekana

Mashua haizunguki ovyo. Hufuata mistari iliyonyooka, sambamba, kama matuta ya shamba, kisha hukata mistari mingine kwa upande ili panapokutana mistari miwili vipimo vilingane. Visipolingana kuna kosa mahali, na kazi hurudiwa. Setilaiti hutoa mahali pa mashua kwa usahihi wa sentimita chache, na chombo kingine hupima namna mawimbi yanavyoiinua, kuishusha na kuilaza upande. Bila chombo hicho, wimbi la nusu mita lingechorwa kama kilima kwenye sakafu.

Hata joto la maji lina mkono wake. Maji ya juu yakiwa na joto kuliko ya chini, sauti hubadili mwendo na kupinda njia, na miali ya pembeni hupotoka. Hivyo kila siku, mara nyingi zaidi ya mara moja, kipimo cha mwendo wa sauti huteremshwa hadi chini na kupandishwa.

Kisha kuna suala ambalo kwa Viktoria si dogo: kina hupimwa kutoka juu ya maji, lakini maji yenyewe hayakai mahali pamoja. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia kiwango cha mafuriko makubwa ya 1964, na nyumba, magati na mashamba ya ufukweni vikafunikwa katika nchi zote tatu zinazolimiliki. Ramani ya sakafu iliyochorwa mwaka mmoja kwa kuhesabu kutoka juu ya maji ingeonekana kuwa na kosa mwaka uliofuata, ingawa sakafu haikusogea. Kwa hiyo vipimo vyote hufungwa kwenye alama za kudumu zilizojengwa nchi kavu, na si kwenye uso wa ziwa.

Magnetomita, chombo kinachohisi chuma, hukamilisha msafara. Kwenye maji ya bandari kazi yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa chini kuna minyororo, nyaya za umeme na simu, mabaki ya meli, na katika bahari zilizopiganiwa vita, mabomu ambayo hayakulipuka.

Jiwe linalojifanya mwamba

Mwanza huitwa jiji la miamba, na anayefika kwa mara ya kwanza huelewa sababu kabla hajashuka garini. Mawe makubwa kuliko nyumba yamepangana juu ya vilima, mengine yamesimama juu ya mengine kama yaliyowekwa na mkono, na lile liitwalo Bismarck limejitokeza majini karibu na ufuko wa mji. Watalii hulipiga picha. Mhandisi wa misingi hulitazama kwa wasiwasi.

Mawe hayo hayakubebwa kutoka mahali pengine. Matale yalipokuwa bado chini ya ardhi yalipasukapasuka. Maji yakaingia katika nyufa na kwa muda mrefu sana yakalainisha kingo, huku kiini cha kila kipande kikibaki kigumu. Udongo laini ulipoondolewa na mvua, viini vikabaki vimerundikana. Lakini pale ambapo udongo laini haujaondolewa, kama chini ya ghuba, viini hivyo bado vimo ndani yake, kama zabibu kavu ndani ya mkate.

Hapa ndipo penye mtego. Mtambo wa kutoboa umesimama juu ya tishari, unateremsha bomba, unapita tope, unapita mchanga, na katika mita 20 unagonga kitu kigumu. Sampuli inatoka: jiwe la tale, safi, lisilo na doa. Mtoboaji anaandika kuwa mwamba umefikiwa. Mita mbili chini ya hapo, pengine, jiwe limekwisha na udongo laini umeanza tena. Nguzo itakayosimamishwa juu ya jiwe hilo itakuwa imesimama juu ya zabibu.

Kanuni ya kazi ni kwamba mtoboaji akishagonga kilicho kigumu asiondoke. Aendelee mita tatu, tano au zaidi, kulingana na ukubwa wa mawe ya mahali hapo, mpaka athibitishe. Ila kila mita ndani ya tale inagharimu fedha na siku, na shimo moja, lenye upana usiozidi kiganja cha mkono, linasema habari za mahali pake tu. Nguzo mbili za daraja zinaweza kuachana kwa mita 40, na katika njia kuu ya vyombo hata kwa mita 160. Kinachotokea kati ya shimo na shimo hakijulikani na bomba.

Hapo jiofizikia hulipa gharama zake. Njia moja hutumia mwendo wa sauti badala ya mwangwi pekee: vinasasauti hulazwa kwa mstari chini ya ziwa, kishindo hupigwa upande mmoja, na muda wa sauti kukimbia ndani ya ardhi hadi kila kinasa hupimwa. Katika tope lililojaa maji sauti hukimbia karibu kama majini, mita 1,500 kwa sekunde. Katika mwamba uliooza nusu hufika 2,000 au 3,000. Katika tale zima huvuka 4,500. Kwa namba hizo mtaalamu hutenga mwamba ulioungana na mawe yaliyotawanyika, ingawa hapati jiwe moja moja, na huonyesha mahali ambapo mwamba umeingia chini ghafla na mashimo zaidi yanatakiwa.

Lakini sauti nayo haiaminiki peke yake. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 20 za elfu za sekunde ndani ya tabaka la udongo, na mtaalamu akakisia mwendo wa mita 1,500, atasema tabaka lina unene wa mita 15. Kumbe ni mchanga ulioshikana ambao mwendo wake ni 1,700; unene ni mita 17. Mita mbili hizo, zikizidishwa kwa idadi ya nguzo, ni chuma na zege ambavyo havikuwamo katika bajeti. Ndiyo maana mashimo na sauti huendeshwa pamoja. Sauti humwonyesha mtoboaji pa kutoboa, na shimo humpa msikilizaji namba ya kurekebisha hesabu yake. Mradi unaoacha kimoja ili kuokoa fedha huwa haujaokoa kitu.

Suala la fedha si la pembeni. Katika mikataba mingi ya ujenzi, mkandarasi akikuta ardhi tofauti na ile aliyoonyeshwa kwenye zabuni, na ambayo hakuweza kuibashiri, ana haki ya kudai nyongeza ya malipo na ya muda. Anayelipa ni mwenye mradi, yaani umma. Uchunguzi wa ardhi ni sehemu ndogo ya gharama ya daraja, na kwa bahati mbaya hufanyika wakati ambapo hakuna kitu cha kuonyesha wananchi. Kwa sababu hiyo ndio wa kwanza kupunguzwa fedha zinapokuwa haba.

Pazia la gesi

Kuna mahali ambapo sauti hushindwa. Tope la maziwa lenye mabaki ya majani na viumbe huoza taratibu na kutoa gesi ya methani, na viputo vyake vidogo hubaki vimenaswa humo. Sauti ikikutana na viputo hutawanyika na kumezwa. Kwenye picha, mistari ya matabaka inakwenda vizuri kisha inakatika ghafla, mahali pake pakawa na wingu jeusi, kana kwamba pazia limeshushwa. Nyuma ya pazia huenda pana mwamba mzuri, huenda pana shimo.

Kikwazo cha pili ni cha maji mafupi. Sauti iliyorudi kutoka sakafuni hugonga uso wa maji, ikashuka tena, ikarudi mara ya pili. Penye maji ya mita 8, mwangwi huo wa pili hujichora kana kwamba kuna tabaka katika mita 16, na kwa mtu asiye mwangalifu tabaka hilo la uongo linaonekana halisi kabisa. Dalili yake ni kwamba linaiga kila bonde na kilima cha sakafu ya juu, kwa kuyatia chumvi mara mbili. Matabaka ya kweli hayana tabia ya kuiga namna hiyo.

Pale sauti inaposhindwa, hutumiwa umeme. Waya mrefu wenye vituo vya chuma hulazwa au kuburutwa majini, mkondo hupitishwa, na ukinzani wa ardhi hupimwa: mfinyanzi hupitisha umeme kwa urahisi, tale huukataa. Picha yake ni ya ukungu kuliko ile ya sauti, lakini gesi haiifichi kwa kiasi kile kile. Panapobaki shaka baada ya hapo, lililobaki ni kutoboa tu.

Kilindini na maana ya jina lake

Kenya nayo, kwa ushirikiano na Japani, imekuwa ikipanga daraja la kebo la kuvuka mlango wa bandari ya Mombasa pale Likoni, ambako feri hubeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Sababu ya kulitaka haihitaji kuelezwa kwa wakazi wa Pwani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani na hapo, ilipinduka na watu 272 wakafa maji. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lililokuwa na mama na mtoto wake liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama mbele ya abiria. Lilitafutwa kwa siku 13, na wapigambizi na kamera za chini ya maji, kabla ya kupatikana katika kina cha mita 58.

Mita 58, karibu kabisa na nchi kavu pande zote mbili. Wenyeji walilijua jambo hilo zamani za kale, kwa kuwa kilindi ni mahali penye maji marefu, na Kilindini ni jina lililotolewa na watu waliokuwa wakipima kwa kamba na jiwe. Wanajiolojia hueleza asili yake hivi: wakati wa zama za barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, bahari duniani ilikuwa chini kwa kama mita 120. Mito ya Mombasa ilichimba mabonde kwenda kuifuata bahari iliyojitenga, na bahari iliporudi ikayazamisha. Mlango wa bandari ni bonde la mto lililofunikwa na maji ya chumvi.

Ardhi ya hapo haina ukoo na ile ya Mwanza. Kisiwa cha Mombasa kimejengwa juu ya chokaa ya matumbawe ya kale. Mwamba huo ni mgumu ukiugonga, lakini maji ya mvua huuyeyusha na kuuachia mapango, mengine yakiwa makubwa kiasi cha kuingia mtu. Basi swali la mchunguzi linageuka. Mwanza huuliza kama jiwe alilogonga ni mwamba kweli. Mombasa mwamba upo, na linaloulizwa ni kama ndani yake mna uwazi. Uchunguzi unaofaa huko ni wa kupeleka sauti kutoka shimo moja hadi jingine chini ya ardhi, ili pango lililo katikati lijulikane kwa kuichelewesha sauti. Juu ya yote, kazi inapaswa kufanyika katika njia ya meli za makontena, kwenye mkondo wa maji kupwa na kujaa, na feri zikikata mbele ya mashua kila baada ya dakika chache.

Pasipo na mwamba kabisa

Huenda msomaji akauliza: uchunguzi ukionyesha kuwa hakuna mwamba, daraja huachwa? Ugiriki ilijibu swali hilo kati ya Rio na Antirrio, kwenye mlango wa Ghuba ya Korintho. Maji yana kina cha mita 65, eneo ni la matetemeko makubwa, na chini ya maji vipimo vilionyesha mchanga na mfinyanzi kwenda chini mamia ya mita bila mwamba. Wahandisi hawakuutafuta zaidi. Walipigilia mabomba ya chuma yenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 25 hadi 30 ili kuushikamanisha udongo, wakatandaza kokoto juu yake, kisha wakaketisha nguzo zenye nyayo za upana wa mita 90 juu ya kokoto hizo, bila kuzifunga. Tetemeko likija, nguzo inaweza kuteleza kidogo badala ya kuvunjika. Daraja hilo lilifunguliwa Agosti 2004. Lisingewezekana kama uchunguzi ungekuwa umesema uongo, au kama wasanifu wangekataa kusadiki kilichosemwa.

Sakafu isiyotulia

Kazi ya mashua haiishi siku ya kukata utepe. Nguzo ikishasimama majini hubadili mwendo wa maji. Mkondo huzunguka mguu wake na kuchota mchanga, na shimo hukua mahali ambapo jicho halifiki. Katika ghuba tulivu ya ziwa hatari hiyo ni ndogo, ila katika mito na milango ya bahari ndiyo inayoangusha madaraja.

Tarehe 4 Machi 2001, usiku wa mvua, nguzo moja ya daraja la Hintze Ribeiro nchini Ureno ilizama katika mto Douro. Basi la abiria na magari madogo vikaingia majini, na watu 59 wakapoteza maisha. Daraja lilikuwa limedumu zaidi ya karne. Uchunguzi ulieleza kuwa kwa miaka mingi mchanga wa mto ulikuwa ukichimbwa kwa ajili ya ujenzi, na sakafu iliyoizunguka nguzo ikawa imeshuka mita nyingi kuliko wajenzi wa zamani walivyoiacha. Waziri mwenye dhamana alijiuzulu.

Mchanga wa mito huchimbwa vivyo hivyo katika nchi nyingi za ukanda huu, mara nyingi karibu na madaraja, kwa kuwa hapo ndipo barabara ya lori ilipo. Kugundua athari zake hakuhitaji mashine ya ajabu: kipimakina kimoja kwenye boti ndogo, mistari ile ile iliyopitwa wakati wa ujenzi, na ramani mbili zikiwekwa pamoja, ya mwaka ule na ya mwaka huu. Panapoonekana tofauti ya mita moja kuzunguka mguu wa nguzo, mawe makubwa hurundikwa kuuzunguka na uchimbaji husimamishwa. Boti hiyo hurudi kila mwaka, na mapema zaidi baada ya mafuriko.